Hukumu ya Mtazamaji kabla ya Mchezo Kwisha

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu huzifanya kila siku bila ya kuajiriwa ni kazi ya kuhukumu. Mtu akikaa kitako kutazama mchezo, haupiti muda ila amekwisha kuwa kadhi: huyu mvivu, yule mchoyo wa mpira, mwalimu wao hana akili, mwamuzi ana lake jambo. Hayo yote huyasema na mchezo ungali ukichezwa. Na lau angelitokea mtu wa kumwandikia maneno yake tangu mwanzo hata mwisho, kisha akamsomea, angeliona kuwa ametoa hukumu ishirini, na kumi katika hizo zazivunja kumi nyingine, wala mwenyewe hakuhisi. Suala tunalolikusudia katika makala haya ni hili: mtazamaji ana haki gani juu ya mchezaji? Na yale maneno ayasemayo kabla ya mchezo kwisha, je, ni hukumu kweli, au ni kitu kingine kilichovaa nguo za hukumu?

Tumechagua mfano wa mpira wa kikapu kwa sababu iliyo wazi. Katika kandanda bao moja laweza kukaa dakika tisini, na mtu akakaa na shutuma zake zile zile tangu kipenga cha kwanza. Katika mpira wa kikapu timu moja yaweza kufikisha pointi mia kwa usiku mmoja, na maneno ya mtazamaji hayadumu nusu dakika. Na mfano wenyewe twautoa Marekani, katika ligi yao kubwa ya NBA, kwa kuwa huko kila mtupo huandikwa pamoja na sekunde yake, na lililotokea halibishaniwi. Wala wasomaji wetu wasidhani kuwa twaandika khabari za Wamarekani ili tuwacheke. Barza zetu za Mombasa, Malindi na Lamu zina mahakimu hodari kuliko hao, na wengi wao hawajapata kuugusa mpira tangu walipotoka chuoni.

Kwanza hatuna budi kuziondoa njiani kauli mbili ambazo watu huzitumia ili wasilifikiri jambo hili.

Kauli moja ni ya wasemao, "Asiyecheza na anyamaze." Yapendeza masikioni, nayo si kweli. Mwenye kuvaa kanzu hahitaji kujua kushona ndipo ajue kuwa mkono mmoja ni mrefu kuliko wa pili, na mlaji hahitaji kuwa mpishi ndipo ajue kuwa wali umeungua. Zaidi ya hayo, mtazamaji aliyekaa juu huona ambalo mchezaji halioni: huuona uwanja wote kwa mara moja, humwona mtu aliyesimama peke yake pembeni akingoja kupewa mpira, ilhali mwenye mpira ana mikono miwili ya adui usoni mwake. Kumnyamazisha mtazamaji ni kuyafumba macho yaonayo. Timu isiyokuwa na watu wa kuiambia ukweli haitengenei, kama vile mji usivyotengenea.

Kauli ya pili ni ya wasemao, "Haya ni maneno ya mchezo, na mchezo ukisha nayo yamekwisha, ulimi hauna mfupa, mwacheni mtu ajifurahishe." Hii ni mbaya kuliko ile, kwani ile yazuia haki, na hii yahalalisha dhulma. Ubaya wake tutauonyesha mbele, tutakapofika kwenye khabari ya mtu mmoja wa Orlando. Sasa natuanze na Miami.

Usiku wa tarehe 18 Juni 2013, katika uwanja uliokuwa ukiitwa wakati huo American Airlines Arena, timu ya Miami Heat ilikuwa ikicheza na San Antonio Spurs. Ulikuwa mchezo wa sita katika fainali ya michezo saba. San Antonio walikuwa wameshinda mitatu na Miami miwili. Basi San Antonio wakishinda usiku ule taji ni lao, nalo lingekuwa la tano kwao. Mchezo ulianza saa tatu ya usiku huko, nasi huku kwetu ilikuwa saa kumi za alfajiri, wakati ambao mwenye kuamka huamka kwa jambo lingine. Tim Duncan, mkongwe wa San Antonio mwenye miaka 37, alitia pointi 25 katika nusu ya kwanza peke yake. LeBron James wa Miami, aliyekuwa akihesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora wa dunia, mitupo yake mingi ya robo tatu za mwanzo ilikataa kuingia. Robo ya nne ilipoanza San Antonio walikuwa na 75 na Miami 65.

Msomaji aweza kuyatunga mwenyewe maneno yaliyokuwa yakisemwa pale vitini, bila ya kuwapo. LeBron si mtu wa siku kubwa, timu imechoka, kocha amechelewa kumtoa fulani. Kisha LeBron akaamka, Miami wakarudi, wakatangulia, na hapana shaka maneno nayo yakageuka yakamfuata: mfalme ni huyu, tuliwaambia! Kisha San Antonio wakatangulia tena, na zilipobaki sekunde 28 walikuwa na 94 kwa 89. Wafanyakazi wa uwanja wakaleta kamba ya manjano, wakaanza kuizungusha ukingoni ili watu wasiingie ndani wakati wa kutolewa kombe. Na waliokuwa wakingojewa kupewa kombe ni wageni. Basi baadhi ya watazamaji wa Miami wakasimama, wakachukua vitu vyao, wakatoka.

LeBron akatupa mpira kwa pointi tatu, akakosa; ukamrudia, akatupa tena, ukaingia: 94 kwa 92. Kawhi Leonard wa San Antonio, kijana wa miaka 21, akafanyiwa madhambi, akapewa mitupo miwili huru; wa kwanza ukakataa, wa pili ukaingia: 95 kwa 92. LeBron akatupa tena kwa pointi tatu, akakosa. Chris Bosh akaruka akaudaka mpira uliodunda, akampa Ray Allen aliyekuwa akirudi kinyumenyume kwenye pembe ya kulia, naye akaruka, akatupa. Zilikuwa zimebaki sekunde 5.2, na hesabu ikawa 95 kwa 95. Katika muda wa nyongeza Miami walishinda 103 kwa 100. Siku mbili baadaye wakashinda na mchezo wa saba, 95 kwa 88, wakachukua taji. Na wale waliotoka? Waliposikia yaliyotokea walirudi mbio, wakakuta milango imefungwa, kwani kanuni ya uwanja ule ilikuwa aliyetoka harudi. Wakabaki wakigonga milango, na walio ndani wakipiga kelele za furaha.

Watu waliwacheka sana. Sisi hatuwacheki, na hapa ndipo kilipo kiini cha maneno yetu.

Mtu aliyesema moyoni mwake, "Leo Miami wameshindwa," akaondoka ili asikwame katika msongamano wa magari, huyo alikuwa akitabiri, na utabiri wake ulikuwa na hoja. Pointi tano kwa sekunde 28, mbele ya timu yenye watu waliozoea fainali! Katika michezo mingi ya namna hiyo mwenye kuondoka angelifika kwake salama, asipitwe na kitu. Kukosea utabiri si dhambi, wala ghaibu si ya mja. Walakini mwenye kutoka akisema, "Hawa hawana moyo, na LeBron ni mwoga," huyo hakutabiri, huyo amehukumu. Utabiri huuliza: litatokea nini? Hukumu huuliza: huyu ni mtu gani? Suala la kwanza hujibiwa na saa ya uwanja ikisimama. Suala la pili halijibiwi na saa, si kabla ya mchezo kwisha wala baada yake. Na kosa la mtazamaji, aghalabu, ni kulichukua jibu la suala moja akalitia katika lingine: naona watashindwa, basi ni watu duni, wameshinda, basi ni mashujaa.

Kuna imani moja ya watazamaji wa mpira wa kikapu ambayo yafaa kutajwa hapa, kwa kuwa imewatahayarisha wengi, na si watazamaji tu. Wao huamini kuwa mchezaji akitia mara mbili tatu mfululizo, mkono wake umeshika moto, na mtupo unaofuata ni karibu zaidi kuingia. Mwaka 1985 wataalamu watatu wa Marekani, Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky, waliwauliza wapenzi mia wa mchezo huo, na 91 kati yao wakasema ndivyo. Wataalamu wakaichukua hesabu ya mitupo ya timu ya Philadelphia 76ers ya msimu wa 1980 hadi 1981, wakaipekua, wasiuone moto wowote. Wakasema kuwa macho ya watu yanaunda mpango pasipo na mpango. Kwa miaka thelathini na zaidi mtazamaji akawa mfano wa ujinga madarasani. Kisha mwaka 2018 wataalamu wengine wawili, Joshua Miller na Adam Sanjurjo, wakaonyesha kuwa njia ile ya kuhesabu ilikuwa na kasoro ndani yake, na kwamba hesabu ikifanywa sawasawa huonekana dalili kuwa moto huo upo kwa kiasi fulani. Basi na waliowahukumu watazamaji kwa kuhukumu upesi, nao walihukumu upesi. Tumeitaja khabari hii ili isidhaniwe kuwa twamwona mtazamaji kuwa mjinga. Huenda jicho lake limeona kweli. Tunalolilaumu si jicho.

Na sasa natulitazame jambo kwa upande wa pili, upande ambao watu hawapendi kuutazama, kwani wauharibu utamu wa ushindi. Tuseme ule mpira wa Ray Allen ungelikengeuka kwa upana wa kidole, ukagonga chuma ukatoka. LeBron yule yule, katika nusu dakika ya mwisho, angelikuwa amekosa mitupo miwili ya pointi tatu kati ya mitatu. Wangelisema ameitupa fainali. Ray Allen, mwenye miaka 37 kama Duncan, wangelisema ni mzee aliyepaswa kubaki kwake. Na Gregg Popovich, kocha wa San Antonio, hakuna ambaye angelimtaja ila kwa sifa.

Lakini mpira uliingia, na Popovich akawa mtu wa kulaumiwa. Kisa chake ni hiki: katika zile sekunde za mwisho alimtoa Duncan, akamketisha. Alikuwa na hoja. Miami walihitaji pointi tatu, na tatu hutupwa kutoka mbali. Akataka watu wepesi wa miguu wawezao kubadilishana na kuwakimbilia watupaji kila pembe. Walakini mtupo wa LeBron ulipokataa, mpira ukadunda karibu na kikapu, mahali ambapo mtu mrefu kama Duncan ndipo penye kazi yake, na Duncan alikuwa kitini. Bosh akaudaka. Basi walioujadili mchezo huo, usiku ule na miaka iliyofuata, wamesema: kosa kubwa! Nasi twauliza: mpira ule ungelidunda hatua moja upande mwingine, ukaangukia mikono ya San Antonio, je, ungeliitwa kosa? La, hasha. Ungeliitwa hekima, au usingelitajwa kabisa. Na uamuzi ni ule ule mmoja. Hoja zake ni zile zile, uzuri wake na udhaifu wake ni ule ule, nao ulikuwa umekwisha kufanywa kabla ya mpira kuruka. Iwapi basi haki ya kuuita hekima au upumbavu kwa jambo lililotokea baada yake, ambalo halimo mikononi mwa aliyeuamua?

Watu wa pwani wanaijua hali hii kuliko Wamarekani, maana bahari imewafundisha. Manahodha wawili watoke siku moja na upepo mmoja, na mawingu yale yale mabaya upande wa kusi. Mmoja afike, naye aitwe simba wa bahari. Wa pili apotee na jahazi lake, naye asemwe mjini kuwa alikuwa mkaidi, hakusikia la mkuu. Lakini walitazama mbingu moja, wakaamua uamuzi mmoja! Ikiwa kutoka siku ile kulikuwa ni ukaidi, basi aliyefika naye ni mkaidi, na sifa zake ni haramu. Na ikiwa kulikuwa ni ujasiri wa haki, basi aliyekufa maji alikuwa jasiri, na waliobaki wamemla nyama yake bure. Hakuna njia ya tatu, illa ni kusema kuwa tunawapima watu kwa upepo.

Yamkini mtu atatujibu kuwa twaufanya ushindi wote kuwa bahati. Hatusemi hivyo. Ray Allen alikuwa na zoezi alilolifanya tangu miaka ya ujana wake wa mchezo: hulala chali chini ya kikapu, huinuka ghafla, hukimbia kinyumenyume mpaka pembeni, hutupiwa mpira, naye hutupa bila ya kutazama chini miguu ilipo. Watu wengine waliona ni upuzi, kwa kuwa lini mtu atahitaji kutoka chini ya kikapu kwenda pembeni kinyumenyume? Usiku ule alihitaji. Basi ikiwa pana kitu usiku ule kilichostahili sifa kwa hakika, ni lile zoezi, nalo lilifanywa katika viwanja vitupu, na hakuna shabiki aliyelipigia makofi. Sifa tulizompa za ule mpira kuingia ni za sekunde moja. Zile anazostahili ni za miaka, nasi hatukuwapo.

Sasa tumefika Orlando.

Mwezi wa Mei 1995 timu ya Orlando Magic ilicheza na Chicago Bulls, na mchezo wa kwanza ulikuwa waenda upande wa Chicago mpaka Nick Anderson wa Orlando alipomjia Michael Jordan kwa nyuma, katika sekunde za mwisho, akamtoa mpira mkononi, na Orlando wakashinda. Kumnyang'anya Jordan mpira katika saa kama ile! Mwezi mmoja baadaye, tarehe 7 Juni, Orlando walikuwa katika mchezo wa kwanza wa fainali, kwao, wakicheza na Houston Rockets. Walikuwa wametangulia kwa pointi 20 katika nusu ya kwanza, wakaziachia zikaponyoka. Hata hivyo zilipobaki sekunde kumi na kitu walikuwa na 110 kwa 107, na Anderson akapewa mitupo miwili huru. Mmoja ungelitosha. Akakosa wote wawili. Mpira ukamrudia mwenyewe, akafanyiwa madhambi tena, akapewa miwili mingine, nayo akaikosa. Minne mfululizo! Kenny Smith wa Houston akasawazisha kwa mtupo wa pointi tatu, na katika muda wa nyongeza Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos ambaye wengi wa wasomaji wetu wamjua kwa kucheza kwake hali amefunga Ramadhani, akautia mpira wa mwisho. Ikawa 120 kwa 118. Houston wakashinda na michezo mitatu iliyofuata, fainali ikesha nne kwa sifuri.

Hesabu hapa ni nyepesi. Pointi 20 hazipotezwi na mtu mmoja. Kenny Smith alitia mitupo saba ya pointi tatu usiku ule, na kumzuia hakukuwa kazi ya Anderson peke yake. Na timu iliyofungwa michezo minne haikufungwa na mitupo minne ya mchezo mmoja. Lakini ndimi hazikutaka hesabu, zilitaka mtu. Wakambandika jina la Tofali, kwa sababu huko kwao mtupo mbovu hufananishwa na tofali ligongalo ubao, na jina likamfuata katika viwanja vya watu. Katika msimu ule wa 1994 hadi 1995 Anderson alikuwa akitia yapata mitupo 70 katika kila mitupo huru mia. Katika msimu wa 1996 hadi 1997 akawa anatia yapata 40. Na mtupo huru, ewe msomaji, ndio mtupo mwepesi kuliko yote kwa anayecheza kazi hiyo: umbali ni futi 15 zile zile, kikapu hakikupandishwa, na hakuna adui wa kumzibia. Kilichoongezeka ni kile alichokuwa akikisikia kila akienda kusimama pale.

Hatusemi kuwa ni ndimi za watu peke yake zilizomfanya hivyo. Mtu mwenye hisia hujilaumu kabla ya kulaumiwa, na Anderson mwenyewe amesema baadaye kuwa jambo lile lilimkaa akilini. Walakini kidonda kilichoko akilini huweza kupona kikiachwa. Ni nani aliyekuwa akikitonesha kila usiku, mji baada ya mji? Basi na arudi sasa yule asemaye kuwa maneno ya mchezo huisha na mchezo, atuambie: mchezo ule wa Juni 1995 ulikwisha lini?

Na wale wa Orlando wenyewe, waliompigia makofi mwezi wa Mei? Hapa pana jambo dogo la lugha ambalo ni kubwa katika maana. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walitoa uchunguzi waliowafanyia wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Walimwuliza mwanafunzi khabari ya mchezo wa timu ya chuo chake. Wakiulizwa mchezo walioshinda, wanafunzi walitumia zaidi neno "sisi": tulishinda. Wakiulizwa mchezo walioshindwa, neno hilo lilipungua. Lugha yetu yalifanya jambo hili kwa silabi moja tu, na kila mtu amelisikia barzani: tumeshinda, wameshindwa. Jana tulikuwa pamoja, leo ni wao. (Nasi tuandikao makala haya twasema "sisi" katika kila mstari; msomaji na atupime kwa kipimo hicho hicho.)

Si vibaya mtazamaji kusema "sisi". Mapenzi ya timu ni mapenzi, na mtu kujiona kuwa ni sehemu ya jambo kubwa kuliko yeye ni katika maumbile yake. Walakini mwenye kusema "sisi" ameingia katika shirika, na shirika lina sharti zake. Wafanya biashara wetu wanazijua. Watu wakishirikiana katika jahazi, hawi mmoja wao akichukua fungu lake la faida msimu ukiwa mwema, kisha shehena ikilowa akasema, "Jahazi hili silijui, mwulizeni nahodha." Mtu kama huyo akienda kwa kadhi hatasikilizwa. Basi mtazamaji na achague. Akitaka kuwa mshirika, mitupo minne ya Anderson ni yake naye, kama ulivyokuwa wake mpira uliotoka mkononi mwa Jordan. Akitaka kuwa shahidi wa mbali, na aseme "wao" siku zote mbili, na furaha ya Mei airejeshe kwa wenyewe.

Watasema: hawa hulipwa mamilioni, nasi tununuao tikiti ndio tuwalipao, basi tuna haki ya kusema tupendalo. Jibu lake ni fupi. Tikiti hununua kiti, na yawezekana kuwa hununua na haki ya kudai kuwa mchezaji ajitahidi. Aliyenunua samaki hakumnunua mvuvi.

Sasa mtazamaji aseme nini? Tumekwisha kukataa kuwa anyamaze. Sisi twaona kuwa iko njia ya kuipima lawama, nayo ni nyepesi kuieleza, japokuwa ni nzito kuitenda: lawama ya haki ni ile ambayo mtu aweza kuisema mpira ungali hewani. Akisema, "Popovich amekosea kumtoa Duncan, kwani mtupo ukikataa hatuna mrefu wa kudaka," na akayasema hayo Duncan akienda kukaa, huyo amenena neno la kitendo, lenye hoja, nalo ni zuri hata kama San Antonio wangelishinda. Akingoja mpira uingie ndipo aseme, maneno ni yale yale lakini hayana thamani, kwani si yeye aliyesema, ni mpira. Kwa hivyo ajabu ya suala letu ni kuwa wakati tuliodhani ni mbaya kwa kuhukumu, yaani mchezo ungali, ndio wakati mzuri wa kukihukumu kitendo, kwa sababu matokeo hayajaingia kati yakatoa ushahidi wa uongo. Ama kumhukumu mtu mwenyewe, moyo wake na thamani yake, huo si wakati wake, wala baada ya mchezo si wakati wake.

Na ajaribu mtu kuitenda njia hii usiku mmoja tu. Ataona ni maneno mangapi yanayobaki mdomoni mwake. Ataona kuwa mengi aliyokuwa akiyaita maarifa ya mchezo yalikuwa ni kuusoma ubao wa pointi kwa sauti kubwa. Na ataona, tuna yakini, kuwa mchezo unakuwa mtamu zaidi, kwa kuwa atalazimika kuutazama.

Baada ya mchezo ule wa sita lawama zilimwangukia Popovich, na nyingine zikamwangukia Kawhi Leonard kwa ule mtupo huru mmoja uliokataa, kwani ungeliingia, mpira wa Ray Allen usingelitosha kusawazisha. Mwaka uliofuata timu zile zile mbili zilikutana tena katika fainali. San Antonio walishinda michezo minne kwa mmoja, wakamaliza tarehe 15 Juni 2014 na taji lao la tano, kocha akiwa ni yule yule Popovich, na Duncan akiwa uwanjani na miaka yake 38. Aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali ile alikuwa Leonard, bado hajatimiza miaka 23. Waliomsifu siku ile walikuwa wengi mno. Na ile mitupo yake miwili ya Miami ilikuwa haijabadilika: mmoja ulikataa, na mmoja uliingia.